Makumbusho yanataka kununua kazi yangu, kampuni inataka kuniajiri: nishike lipi?

Assalaam aleikum, Bi Mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 35, ninaishi Unguja na mume wangu na watoto wetu wawili. Zimebaki siku zisizozidi ishirini za kujibu barua mbili zilizonifikia wiki moja, na kila ninayemwomba ushauri hapa nyumbani huniuliza kwanza kama nimekula, maana nimekonda kwa kufikiri.

Nilisomea ufundi wa elektroniki katika chuo kimoja cha Dar es Salaam kwa miaka mitatu. Niliporudi nyumbani niliingia katika duka la ami yangu, tukitengeneza redio, televisheni na simu, na kazi ile niliipenda. Kilichoniharibu, kama anavyosema baba, ni kibao cha Arduino nilichogaiwa na mwanafunzi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Kwa asiyekijua, ni kibao cha saketi kinachoenea kiganjani, ambacho unakiandikia maagizo kwa kompyuta, nacho kinasoma joto, mwanga au mguso na kuwasha au kuzima chochote ulichokiunganisha nacho. Nilianza na ngoma inayowasha taa ikipigwa. Huu ni mwaka wa tisa na sijaacha.

Kazi yangu kubwa naiita Chumba cha Maji. Ni chumba cha giza chenye taa 30, moja kwa kila siku ya mwezi mwandamo. Nimeingiza katika programu majedwali ya maji kujaa na kupwa, kwa hiyo siku za bamvua, ambapo tofauti ya maji makubwa na maji madogo huku kwetu hukaribia mita 4, chumba hung'aa kisha kikazama gizani kabisa, na siku za maji mafu mwanga huwa wa wastani kutwa nzima. Katikati nimetundika kamba za mwani zilizolowa maji ya chumvi. Mtu akishika kamba mbili kwa mikono miwili, umeme mdogo sana, usioweza kumdhuru, hupita mwilini mwake, kihisi kikautambua, na sauti moja ikafunguka: sauti ya mwanamke mkulima wa mwani akieleza jina la upepo, au dalili za bamvua, au mwaka ambao mwani wa aina ya kotoni ulimfia kwa joto la maji. Watu wanne au watano wakishikana mikono, mkondo huwapitia wote na sauti hufunguka pamoja, mpaka zikawa kama gumzo la ufukweni.

Sauti hizo nilizikusanya kwa miaka minne katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ambako mama yangu mzazi naye alilima. Nilishuka shambani na akina mama wakati wa maji kupwa, nikafunga vihisi vya joto kwenye vijiti vyao, nikajifunza kutoka kwao mambo ambayo chuoni hayakufundishwa. Mtaalamu mmoja wa sayansi za bahari alinisaidia kusoma vipimo nilivyovipata. Alinisifu kwa bidii yangu, ila akaniomba nisiviite sayansi. Msanii mmoja mwenye jina alipoingia katika chumba changu alisema hii si sanaa, ni ufundi wa umeme, na mwenzake akaongeza kuwa nimeiga Wazungu. Basi mimi ni popo, Bi Mshauri: ndege wananikataa, na wanyama wananikataa.

Chumba kimeoneshwa Dar es Salaam, Nairobi, na mara mbili Ulaya. Mara ya mwisho nusu ya sauti zilinyamaza siku ya pili, kwa kuwa nyaya za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani ndani ya maji ya chumvi. Nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani. Wenyeji walibandika mlangoni karatasi ya kueleza kuwa kazi hii ina hitilafu, nayo ilikaa hapo wiki tatu. Tangu wakati huo nimeiondoa shaba, natumia vijiti vya kaboni ninavyovitoa ndani ya betri kuukuu za tochi, na programu hugeuza mwelekeo wa mkondo kila mara ili chumvi isile upande mmoja. Hakijanyamaza tena, lakini ile karatasi bado naiota.

Sasa zimekuja barua mbili. Ya kwanza ni ya kampuni ya simu inayotaka kuniajiri kuwa fundi wa mitambo ya minara. Kuna mshahara wa kila mwezi na bima ya watoto, na kituo cha kazi kitakuwa Bara, mkoa nitakaoambiwa baadaye. Ya pili ni ya makumbusho ya Ulaya yanayotaka kukinunua Chumba cha Maji kwa fedha inayolingana na mshahara wa miaka miwili wa ile ajira. Masharti yao ni kwamba kiwe chao peke yao, nisitengeneze kingine kinachofanana nacho, niwakabidhi programu na sauti zote, nao wawe na haki ya kuzitumia "kwa muda wote na kwa namna yoyote".

Baba anasema mhandisi mzima haendelei kucheza na taa, niende minarani. Mume wangu anasema atakubali lolote nitakaloamua, jambo ambalo kwa kweli halinisaidii. Akina mama wa mwani walipopata habari walifurahi, ila mmoja wao, tunayemwita Bi Mkubwa, alisema, "Haya, sauti zetu zitakaa Ulaya, sisi tubaki na kamba." Walicheka, nami nikacheka. Ada za shule zinalipwa Januari.

Nishike lipi? Niuze niendelee na sanaa, au nimshukuru Mungu niende kazini? Na mtu wa aina yangu ana mahali pake kweli?

Popo wa Pwani, Unguja

MSHAURI ANAJIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umenieleza njia mbili, mnara na makumbusho, kisha ukanipa swali la tatu mwishoni kama mtu anayekumbuka jambo akiwa tayari mlangoni. Kwa ruhusa yako nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokufanya uyaone mengine kama hukumu juu yako wewe, ilhali ni mikataba miwili tu, na mkataba husomwa na kujadiliwa.

Unauliza kama popo ana mahali pake. Christa Sommerer wa Austria alisomea botania, yaani elimu ya mimea, kabla hajaingia katika sanaa, na mwaka 1992 yeye na msanii mwenzake Laurent Mignonneau walitengeneza kazi ambamo mgeni hugusa mimea halisi iliyo katika vyungu, na kila mguso hukuza mimea mingine ya picha kwenye skrini mbele yake. Rafael Lozano-Hemmer, aliyezaliwa Mexico City mwaka 1967, ana shahada ya kemia ya kifizikia aliyoipata Montreal, na mwaka 2006 alijaza ukumbi balbu zinazowaka kwa mapigo ya moyo wa aliyeshika kihisi. Mgeni mwingine akishika, pigo la wa kwanza husogea kwenye balbu inayofuata. Nam June Paik, Mkorea anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa sanaa ya video, alikuwa na mhandisi Mjapani, Shuya Abe, ambaye kwa pamoja walibuni mtambo wa kuchanganya picha za televisheni, na jina la Abe limo katika jina la mtambo huo. Sikutajii watu hawa ili nikufariji kwa majina makubwa. Nakutajia ili uone kwamba shaka uliyoambiwa ni yako peke yako imo katika kazi ya aina hii tangu mwanzo wake.

Hata hivyo nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sommerer na Mignonneau wamekuwa maprofesa huko Linz, Austria, kwa miaka mingi, maana yake kuna chuo kinachowalipa mwisho wa mwezi, kazi zao zinunuliwe au zisinunuliwe. Wengi wa fani hii huishi kwa kufundisha, kwa kazi za kuagizwa na kwa ufadhili wa muda, na wachache sana huishi kwa kuuza. Ukijilinganisha nao ukasahau mshahara ule, utajiona umeshindwa katika mashindano ambayo wao hawakukimbia.

Kuhusu waliokusema, ningekuomba uwatenganishe. Anayesema umeiga Wazungu hakuitazama kazi yako. Kumtumia mgeni kama waya wa kuunganisha mkondo ni mbinu inayojulikana, sawa na kinanda kinavyojulikana, na swali ni umepiga wimbo gani. Yule aliyekuita fundi alidhani anakuteremsha cheo, lakini pwani yetu hii fundi ni yule anayechonga mlango, ni yule anayeshona kanzu, na ni yule anayemfundisha kijana kupiga udi; sijui neno hilo lilianza lini kuwa tusi. Mtaalamu wa bahari ni wa namna nyingine kabisa. Huenda alikuwa anakulinda. Vipimo vya joto havina nguvu mpaka vihisi vyenyewe vilinganishwe na kipimo kinachoaminika, vifungwe kina kilekile kila mara, na vipimwe kwa muda unaoeleweka. Umewahi kumwuliza ni kitu gani kilichopungua? Pengine utakuta miezi michache ya uangalifu inageuza daftari lako kuwa kitu ambacho yeye mwenyewe angekihitaji. Na pengine utakuta hutaki, kwamba kwako joto lile linatosha kuwa chanzo cha simulizi. Yote mawili ni halali, lakini ni vizuri ulijue ulilolichagua.

Sasa ile karatasi ya mlangoni. Umeitaja kama aibu yako, na nadhani umebeba mzigo usio wako wote. Oktoba 1966 mhandisi Billy Klüver na msanii Robert Rauschenberg waliwakusanya wasanii 10 na wahandisi wapatao 30, wengi wao kutoka maabara za utafiti wa simu za Bell, wakafanya maonesho ya usiku tisa jijini New York. Walikuwa miongoni mwa mafundi bora duniani kwa zama zile, na bado mambo yalichelewa, mitambo ikagoma, na magazeti yakawasema vibaya. Leo usiku ule tisa unafundishwa vyuoni. Kazi inayoombwa iguswe na kila mtu itaharibika, kama mlango unaofunguliwa mara elfu unavyolegea bawaba. Lililokosekana kule Ulaya ni mtu aliyeachiwa ufunguo na vijiti vya akiba, na maelekezo ya kurasa mbili. Kutu ya kijani umeshaitibu kwa betri za tochi, na mimi niliposoma hapo nilitabasamu peke yangu. Utaratibu wa matunzo ndio bado hujautibu, na mkataba uliopo mezani kwako, kwa jinsi ulivyounukuu, hauna neno juu yake.

Linalonifanya nisite juu ya barua ya makumbusho ni hili. Paik alisimamisha mwaka 1988 mnara wa televisheni 1003 katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa huko Gwacheon, Korea Kusini. Mwenyewe alifariki mwaka 2006. Televisheni zile za zamani ziliendelea kuchoka, mnara ukazimwa mwaka 2018 kwa sababu za usalama, na wenye makumbusho wakalazimika kujadiliana bila yeye: je, televisheni nyembamba za kisasa zikiwekwa humo, kazi inabaki yake? Ulipowashwa tena mwaka 2022, televisheni 737 zilikuwa za aina ya zamani, zilizotengenezwa au kutafutwa zilizotumika, na 266 zilizobaki zilibadilishwa kwa skrini nyembamba. Hata balbu za nyuzi kama zile za Lozano-Hemmer zinaondolewa madukani katika nchi nyingi. Huyu wa mwisho ameshawaandikia wasanii wenzake ushauri, mwaka 2015, kuhusu namna ya kuitayarisha kazi kwa ajili ya miaka ambayo vifaa vyake havitapatikana.

Wewe uko hai na unaweza kusema. Vijiti vya kaboni vikikosekana, waweke nini? Mwani ukioza, nani atauleta, na kutoka wapi? Spika zinaweza kubadilishwa, lakini sauti zinaweza kukatwa, kutafsiriwa au kuchanganywa na muziki? Na kuna swali ambalo mimi nisiye msanii siwezi kulijibu kwa niaba yako: chumba kile kikiwa Ulaya, taa zitaendelea kufuata bamvua la Unguja, au zitafuata maji ya pwani yao? Kama zitafuata ya Unguja, mgeni wa huko atakuwa anaona bahari ambayo haipo nje ya dirisha. Kama zitafuata ya kwao, sauti za akina mama zitakuwa zinazungumzia maji mengine. Ukilijibu hilo kwa maandishi utakuwa umeijua kazi yako kuliko unavyoijua leo, uiuze au usiiuze.

Umeandika kana kwamba masharti yao ni amri. Kazi za aina hii kwa kawaida huuzwa kwa nakala zenye namba, tatu au tano, na msanii hubaki na nakala yake mwenyewe. Hakuna ubaya wa kuwauliza kama watakubali nakala ya kwanza kati ya tatu, bei ikishuka kidogo, nawe ukabaki na ruhusa ya kukijenga Chumba cha Maji hapa nyumbani. Wakikataa, utakuwa umejua kwamba bei ile kubwa ilikuwa ni bei ya kukufunga mikono. Yapo pia maneno "kwa muda wote na kwa namna yoyote", ambayo ningeyapeleka kwa wakili kabla ya kuyapeleka kwa baba. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, mbali na ile ya Bara ya mwaka 1999, na kuna ofisi ya hakimiliki mjini kwenu. Hatari ya kubishana ipo: wanaweza kuchoka wakaondoka. Hatari ya kutobishana ni kwamba miaka kumi ijayo utamsikia mama wa kijiji chenu ndani ya tangazo la sabuni, na hutakuwa na la kusema.

Tena haki zile si zako peke yako uzitoe. Niruhusu nikuulize kwa upole: wakati unarekodi, uliwaambia akina mama kwamba sauti zao zinakwenda wapi? Naamini uliwaambia ukweli wa siku ile, nao wakakubali kwa sababu ni mtoto wa mwenzao. Ila kumkubalia mtoto wa mwenzio kurekodi ni jambo moja, na kulikubalia jengo la mbali kumiliki milele ni jambo jingine. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ile mwaka 1989. Yupo mama ambaye miaka zaidi ya thelathini ya kusimama majini imo ndani ya dakika mbili za sauti yake. Barua yako ndefu imelipa jambo hili mistari miwili, na ukamalizia kwa kusema walicheka nawe ukacheka. Mimi ni mtu mzima, nakijua kicheko hicho. Bi Mkubwa hakukukataza. Alikuuliza kitu akakifunika kwa mzaha ili kisikuumize, na nadhani kilikufikia, maana ungekuwa hukukisikia usingekiandika.

Turudi kwenye minara, nisije nikaonekana naidharau riziki. Bima ya watoto si jambo dogo, na msanii mwenye deni la ada hatengenezi kitu kizuri, hata tuseme nini kuhusu wasanii na njaa. Ninachokuomba uchunguze ni dhana yako kwamba ajira ni mwisho wa sanaa. Inawezekana ikawa ndiyo chuo chako, yaani ule mshahara usioangalia kama kazi imenunuliwa. Lakini pia inawezekana fundi wa minara akawa ni mtu anayeitwa saa nane za usiku kila jenereta linapozima, akirudi hana mikono ya kulehemu hata waya mmoja. Hilo huwezi kulijua kwa kulifikiria; uliza mafundi walio kazini sasa, wanafanya zamu ngapi na wanapumzika lini. Uliza pia mkoa kabla ya kutia saini. Ukipelekwa Dodoma utapata upepo mwingi na anga pana, ila hakuna maji yanayokupwa, na kazi yako yote hadi leo imeota katika maji yanayokupwa. Wapo wasanii wanaofanya vizuri zaidi wakiwa mbali na kitu chao, kwa hamu. Sijui kama wewe ni mmoja wao.

Hesabu nayo ina maneno yake. Fedha ya makumbusho ni mshahara wa miaka miwili, nawe imekuchukua miaka tisa kufika kwenye mauzo ya kwanza. Ukiuza na kuacha ajira, unanunua miaka miwili. Ni vyema ujue sasa hivi, kwa penseli na karatasi, mwaka wa tatu utalipwa na nani. Huenda ni duka la ami siku tatu za wiki, huenda ni kufundisha vijana, huenda ni kazi ya kuagizwa na wanaohitaji kuwaeleza watu wa pwani habari za joto la bahari kwa njia wanayoweza kuishika mkononi. Nimezitaja kwa sababu barua yako ina njia mbili tu, na mtu aliyekonda kwa kufikiri huwa haoni ya tatu. Unaweza pia kuiandikia kampuni kuomba kuanza miezi mitatu baadaye. Wanaweza kukataa, na ukiwa umeuliza kwa adabu hutakuwa umepoteza kitu zaidi ya nauli ya swali.

Mume wako anaposema atakubali lolote, usimchoshe kwa kumwuliza tena uamuzi. Mwulize jambo dogo lenye jibu: nikiwa Bara, nani atawapeleka watoto chuoni saa kumi? Tukikosa bima mwaka mmoja, tuna nini cha kushika? Majibu hayo yatakuambia zaidi kuliko neno "lolote". Baba naye hajui umefanya nini. Anajua taa zinawaka na hazileti mchele. Sidhani kama ni adui wa kazi yako.

Nimebakisha jambo moja, nalo lilinifanya niweke kalamu chini. Umeniorodheshea miji ambako Chumba cha Maji kimeoneshwa, na kijiji hakimo. Watu wa Dar es Salaam na Nairobi na Ulaya wameshikana mikono wakasikia sauti za akina mama wale, na wenye sauti, kama nimekusoma sawasawa, hawajawahi kushika kamba zao wenyewe humo ndani. Labda kulikuwa na sababu: umeme unakatika, hakuna jumba la giza, hakuna aliyelipia usafiri. Wewe fundi unajua kuliko mimi kama taa 30 ndogo haziwezi kuendeshwa kwa betri ya gari, na usiku wa kijiji hauhitaji mapazia. Una siku chache kabla ya kuzijibu barua zako, na bila shaka jedwali la maji lipo mbele yako. Tazama maji mafu yanaangukia lini, siku ambazo bahari haiendi mbali na akina mama hawashuki shambani. Ukienda, uwe umechukua na ule mkataba, umsomee Bi Mkubwa kwa Kiswahili, sharti kwa sharti, baada ya kuisikia sauti yake na si kabla. Kisha niandikie alichokisema.